Mgolole wa Akina Rattray

Lerwick, Shetland
2 Februari 1986

Shangazi yangu mpendwa,

Hujambo wewe na goti lako? Huku tu wazima, ila upepo umeangusha nguzo za simu kuanzia hapa mpaka Sandwick, na fundi wa kuzipanda ndiye mimi. Nikirudi jioni vidole havishiki kijiko. Mama mwenye nyumba ananilisha nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi kila siku isipokuwa Jumapili. Jumapili tunakunywa supu yake.

Habari kubwa ni kwamba naoa. Msichana anaitwa Osla Isbister, anafundisha hisabati shule ya hapa. Mzee wangu Archie amekwisha kumwona. Alikuja Krismasi akamtengenezea gari lake bila kuombwa, kwa hiyo nadhani amempenda. Harusi ni Jumamosi tarehe 20 Septemba, saa tano asubuhi, hapa hapa Lerwick.

Baba yake Osla, Mzee Gideon, hana neno juu yangu. Neno lake ni juu ya kilti. Unawajua watu wa Shetland, wanasema wao babu zao walitoka Norwe na suruali zao. Aliniuliza mezani, mbele ya watu, kama sitaona haya kuingia kanisani na sketi. Na Jumanne ya wiki hiyo hiyo, kwenye sikukuu yao ya moto, alikuwa amepita mjini na wenzake wamevaa ngozi za kondoo, mbawa za kunguru kichwani, mashoka mkononi, wakaenda kuichoma mashua waliyoiunda wenyewe. Nilimpitishia chumvi. Namtaka binti yake.

Sasa, Shangazi, nakuomba unishonee kilti. Akina Lamont wenzangu wote wameoa na kilti zako, sitaki ya kukodi. Juu nitavaa koti jeusi la vifungo vya fedha. Na nina ombi dogo. Begani nataka nitupie mgolole wa akina Rattray, ule mwekundu. Nafikiri utapendeza juu ya buluu na kijani yetu.

Osla anakusalimu. Archie naye anakusalimu, ila alisema nisikwambie.

Mwanao,
Struan


Dunoon
19 Februari 1986

Mwanangu Struan,

Barua yako imefika imelowa chapachapa. Nadhani siku hizi mfuko wa posta wanauvuta nyuma ya boti. Goti bado lipo. Paka wangu Brodie anazeeka vizuri kuliko mimi, anakula na kulala tu. Hapa dukani nina bendi nzima ya zumari ya Rothesay inayotaka kilti mpya kabla ya kiangazi, na mpiga ngoma wao mkubwa amenenepa tena.

Hongera sana. Mwalimu wa hisabati ni mtu wa maana, angalau nyumba itakuwa na mtu mmoja anayejua kuhesabu marinda. Mwambie Mzee Gideon kwamba mtu mwenye mbawa za kunguru kichwani asubiri kuulizwa kuhusu mavazi.

Kilti nitakushonea. Niletee vipimo: kiuno, nyonga, na kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Upimwe na mtu mwingine. Mwanaume akijipima mwenyewe kiuno kinapungua.

Koti jeusi ni la jioni. Ukilivaa saa tano asubuhi utafanana na mhudumu wa hoteli aliyechelewa kwenda kulala. Utavaa koti la sufu la kijivu na kizibao chake, na mkoba wa mbele uwe wa ngozi tupu, maana ule wa manyoya ya sili nao ni wa jioni. Ukivaa kizibao hufungi mshipi. Kile kisu kidogo cha vazi kinakaa kwenye soksi ya kulia kwa sababu unatumia mkono wa kulia, si kwa sababu utamchoma mtu. Pini inashika upande wa juu peke yake, pale mbele kitambaa kinapopandana. Ukiipitisha pande zote mbili umejifunga kama gunia, na ukipiga hatua ndefu kitambaa kinachanika.

Kuhusu mgolole. Mtu mmoja, kitambaa kimoja. Ukishavaa tartani, kitambaa cha miraba cha ukoo wako, kiunoni, kila kilichobaki mwilini kisiwe na miraba, au kiwe cha miraba ile ile, tena kutoka jora lile lile. Anayechanganya ni kopo la biskuti wanalouziwa watalii hapa gatini. Mimi nimeshona kilti tangu nikiwa na miaka kumi na tano na hakuna kopo la biskuti lililotoka katika mlango wangu.

Hao akina Rattray ni watu wa Perthshire. Sijui wanaingiaje katika habari hii.

Shangazi yako,
Grizel Lamont


Lerwick
23 Machi 1986

Shangazi mpendwa,

Pole kwa kukawia, na pole kwa mpiga ngoma. Hapa theluji ilirudi tulipokuwa tumekwisha kuiaga. Archie amestaafu mwezi huu pale karakana ya mabasi Greenock. Wamempa saa ya mkononi. Anasema ni zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kifua chake si kizuri, lakini ukimuuliza anazungumzia hali ya hewa.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Amenipima Osla, na hakupunguza kitu. Aliongeza hata pale nilipovuta tumbo.

Koti jeusi nimeliacha, umeshinda. Mshipi sitafunga. Mkoba wa ngozi tupu, sawa. Pini nimeelewa, na sababu ya pini naijua kuliko unavyofikiri.

Mgolole pia naweza kuuacha, kama utakubali tai ya Rattray. Tai ni kitu kidogo, nusu yake inafichwa na kizibao. Kama tai ni nyingi, basi zile tepe za soksi tu, nyekundu mbili chini ya goti. Osla anauliza, kwa hesabu zake, kipande chekundu kidogo kiasi gani ndicho kinachoanza kuwa kosa.

Umesema hujui akina Rattray wanaingiaje. Shangazi, unajua wanavyoingia: Archie ni Rattray, na ndiye aliyenilea.

Mwanao,
Struan


Dunoon
11 Aprili 1986

Mwanangu,

Nashukuru kwa vipimo. Umekuwa mpana, inakupendeza. Brodie alipotea siku mbili nikalia, kisha nikamkuta kwa jirani anakula samoni. Sijamsamehe. Bendi ya Rothesay imelipa nusu na kulalamika kwa ukamilifu.

Tai hapana. Tepe hapana. Usinishushie bei kama uko sokoni. Mwambie Osla kosa linaanza na uzi mmoja.

Sasa nisikilize, maana nina furaha na sitaki uniharibie. Nimemwandikia baba yako huko Kanada. Nimemwambia mwanawe anaoa, na kwamba kiti cha mbele kanisani, upande wa kulia, ni cha baba. Hajajibu bado, lakini namjua Dougal, harusi hawezi kuikosa. Ni ndugu yangu wa pekee, Struan. Aliondoka una miaka minne, na miaka ishirini na miwili sijamtia machoni.

Kilti ya babu yako nimeitoa sandukuni. Nimeitunza miaka yote hii kwa ajili ya baba yako, na vipande vya sabuni katikati ya marinda, hakuna nondo aliyeionja. Nimeipiga pasi imetulia kama maji. Yeye ataingia na hiyo, wewe utaingia na yako mpya, Lamont kwa Lamont, na Shetland nzima itaona mtoto katoka kwa nani.

Huyo Bwana Rattray tutampa kiti kizuri. Safu ya tatu, mbali na upepo wa mlango.

Shangazi yako,
Grizel


Lerwick
8 Juni 1986

Shangazi,

Natumaini goti limetulia na Brodie amesamehewa. Sisi tu wazima. Osla amepaka rangi nyumba tutakayohamia, buluu, na mikono yake pia buluu. Mzee Gideon amenipa mashua ndogo ya makasia. Kwa watu wa hapa hiyo ni kama kukumbatiwa.

Nimekaa na barua yako tangu Aprili. Nimeijibu mara nyingi nikachana. Osla kaniambia niandike kama ninavyosema, kwa hiyo nasema.

Umemwalika mtu kwenye harusi yangu bila kuniuliza. Dougal Lamont mimi namjua kwa kadi za Krismasi. Ya mwisho ilikuja nina miaka ishirini na minne, na aliniuliza kama masomo ya shule ni magumu.

Unaikumbuka michezo ya Dunoon mwaka niliokuwa na miaka saba? Watoto wa ukoo walikuwa waandamane uwanjani na baba zao. Nililia wiki nzima kwamba mimi sina wa kuandamana naye. Archie alikuwa ndiyo kwanza amemwoa marehemu mama, na hajawahi kuvaa kilti maishani mwake. Akaenda karakana kuazima. Kilti kwa dereva mmoja, ya akina Gordon. Tai kwa mwingine, Buchanan, ile ya njano inayoumiza macho. Soksi zake za kuchezea mpira. Mkoba wa manyoya wa mpiga zumari. Mshipi juu ya kizibao. Na pini akaipitisha pande zote mbili, maana aliogopa upepo usije ukamwaibisha mbele ya watoto.

Tukaandamana. Tulipofika mbele ya jukwaa hatua ikamzidi, kitambaa kikachanika kwaa, watu wote wakasikia. Wewe ulikuwa jukwaani na wanawake wa kamati. Ukasema, "Jamani, tazameni kopo la biskuti." Jukwaa zima likacheka.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono, Shangazi. Hakuuachia. Alishikilia mpasuko kwa mkono wa pili, tukazunguka uwanja mpaka mwisho, na njiani akawa ananiambia, "Nyoosha mgongo, Struan, wanatushangilia." Nikamwamini. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa.

Yule ndiye baba yangu. Nampenda, na sitamkalisha safu ya tatu. Kiti cha mbele kina mwenyewe. Huyo wa Kanada akija atakaa atakapopata nafasi. Na kama kitambaa cha Archie hakiruhusiwi kugusana na chetu hata kwa uzi, basi kilti sitaki. Nitavaa suruali. Mzee Gideon atafurahi.

Struan


Dunoon
20 Juni 1986

Mwanangu,

Barua imefika. Goti afadhali. Brodie ameua njiwa wa mchungaji, tumeombana radhi. Mvua.

Suruali. Haya. Utakuwa Lamont wa kwanza kuoa na suruali tangu zilipobuniwa.

Vipimo vyako ninavyo. Sijavitupa.

Grizel


Dunoon
24 Julai 1986

Mwanangu Struan,

Hukujibu, na sikukupa kitu cha kujibu. Hali yangu njema. Kiangazi kimekuja Jumatatu kikaondoka Jumanne. Osla mwambie buluu ya mikononi inatoka kwa mafuta ya taa.

Nina jambo la kukusimulia, na nalisimulia kama lilivyokuwa.

Juzi kengele ya mlango wa duka ikalia, nikainua macho, nikamwona Bwana Rattray amesimama kwenye mkeka. Amevua kofia. Amekuja na boti ya saa nne kutoka Gourock, na maji siku hiyo yalikuwa mabaya, uso wake umekuwa kijani.

"Bi Grizel," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

"Bwana Rattray. Miaka mingi."

"Mingi, ndiyo. Nina shida ndogo." Akakohoa kwanza, nikangoja. "Kijana anaoa."

"Nimesikia."

"Anasema atavaa suruali."

"Hilo nimelisikia pia."

"Sasa hiyo si sawa, Bi Grizel. Yule ni Lamont. Mshonee kilti yake ya Lamont, yenyewe peke yake, bila huo mgolole wangu. Nitamwambia mimi. Huwa ananisikia, akishamaliza kubisha."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nitakaa nyuma. Nyuma kunanifaa. Kifua kikianza vurugu natoka taratibu, simsumbui mtu. Kama baba yake anakuja, ni haki yake." Akawa anaizungusha kofia mkononi. "Ila nataka nivae sawasawa safari hii. Hata kama ni huko nyuma. Sitaki mtoto achekwe kwa ajili yangu mara ya pili."

Nikaenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta chaki.

Nikamvalisha kilti ya mfano iliyokuwepo dukani, ya kijivu isiyo ya ukoo wowote. Nikamsimamisha mbele ya kioo.

"Pini," nikamwambia. "Upande wa juu peke yake."

"Peke yake? Na upepo je?"

"Kilti iliyoshonwa vizuri ni nzito, Bwana Rattray. Upepo hauiwezi."

"Kumbe!" akasema. Akajitazama kiooni muda mrefu. "Kumbe miaka yote hii."

Kisha nikamwambia akae. Alikaa kama anavyokaa dereva wa basi, puu, marinda yote yakakunjamana chini yake. Nikamfundisha: mkono nyuma, futa marinda kuelekea chini, kaa taratibu, magoti pamoja kwa sababu mchungaji yuko mbele yako. Nikamwambia tena. Na tena. Nilimkalisha na kumwinua mpaka akaanza kucheka na kukohoa kwa pamoja.

"Lakini Bi Grizel, huko nyuma nani ataona ninavyokaa?"

"Mimi," nikamwambia. "Kaa tena."

Nikamchemshia chai. Alikuwa ameniletea zawadi ya biskuti. Ziko kwenye kopo, na kopo lina miraba ya koo zisizopungua nne. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Baba yako amejibu. Septemba ana kazi nyingi. Kuna na jambo jingine aliloandika, hilo silisemi.

Suruali usinunue kwanza.

Shangazi yako,
Grizel


Lerwick
10 Agosti 1986

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeisoma mbele ya Osla, nikashindwa kuimaliza, akaimaliza yeye. Asante kwa kunisimulia. Mafuta ya taa yamesaidia. Mzee Gideon anauliza kama shangazi wa Dunoon ni mkali kweli, nikamwambia aweke mbawa zake mbali.

Archie hajaniambia neno juu ya safari yake ya kuja kwako. Nilimpigia simu Jumapili nikamuuliza siku hizi anafanya nini, akasema, "Aa, nafanya mazoezi." Nikamuuliza mazoezi gani, akasema hali ya hewa si mbaya. Jirani yake anasema anamwona dirishani jikoni, anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka, mkono mgongoni. Alitaka kumwita daktari.

Pole kwa habari ya Kanada. Nasema kweli. Mimi sikumtaka aje, lakini najua wewe ulimtaka, na najua ulivyomngoja. Hilo jambo jingine kama litakulemea, niambie.

Suruali sijanunua. Sijui nisubiri nini, ila nasubiri. Na bado hujasema kama utakuja. Tumechora kwenye karatasi jinsi watu watakavyokaa, nakutumia uone. Jina la kiti cha mbele upande wa kulia liko palepale nilipolisema Juni, na halitahama. Lako nimeacha wazi, ujipange mwenyewe.

Mwanao,
Struan


Dunoon
3 Septemba 1986

Wanangu Struan na Osla,

Salamu nyingi kwenu na kwa Mzee Gideon mwenye mbawa. Goti limekataa ngazi lakini tambarare linakubali. Brodie amelala juu ya barua hii, ndiyo maana mstari umepinda. Bendi ya Rothesay nimewaambia wangoje, wameniita majina, nimewaongezea wiki nyingine ya kungoja.

Kifurushi kimetoka leo, mtakipata kwa boti ya Aberdeen. Ndani mna kilti mbili. Ile pana zaidi kiunoni ni ya Archie. Msizichanganye, ingawa kwa supu ya huyo mama mwenye nyumba mwaka ujao huenda zikawa sawa.

Struan, ukifungua utaona nyekundu, na utafikiri nimekosea. Sijakosea. Nilikwambia Februari, mtu mmoja, kitambaa kimoja, na sijarudisha neno hata moja. Kuchanganya hapana, mpaka naingia kaburini. Lakini kama ni kimoja, basi kiwe cha yule aliyekushika mkono. Hizo zote mbili ni Rattray, nimeagiza jora moja nikakata yako na yake kwa kufuatana, kwa hiyo mkisimama bega kwa bega miraba inatoka kwako na kuendelea kwake bila kukatika. Hakuna mgolole, hakuna tai, hakuna tepe. Huhitaji tena. Tai mtavaa za rangi moja, nimezitia humo, na soksi za kijivu, na pini mbili. Ile ya Lamont niliyokuwa nimeianza imechukuliwa na Lamont mmoja wa Rothesay mwenye kiuno kama chako na haraka kuliko wewe.

Sasa igeuze yako utazame ndani.

Bitana ya kilti huwa ni pamba nyeusi. Ya Archie ni pamba nyeusi. Yako ni buluu na kijani yenye mstari mweupe, tena ni laini, imechakaa kidogo. Hiyo ni kilti ya babu yako.

Lile jambo jingine la barua ya Kanada ni hili. Baba yako alisema Septemba hawezi kuja, lakini kama bado ninayo ile kilti ya mzee, nimtumie kwa posta. Kuna michezo ya Waskoti mjini kwake na angependa kuonekana nayo. Hakuuliza habari zako. Hakuuliza zangu. Nilikaa na ile kilti mapajani mpaka chai ikapoa, kisha nikachukua mkasi. Nililia, kama mnataka kujua, na nikakata bila kupinda. Yeye nimemtumia tai ya Lamont. Ataivaa na kilti ya kuazima, na akutane huko na mtu wa kumwambia anafanana na nini.

Bitana haionekani, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Anayechungulia ndani ya kilti ya mwanaume kanisani ana matatizo makubwa kuliko miraba. Ila wewe utaijua ipo, imekushika kiunoni upande wa mwili. Hapo sisi akina Lamont panatutosha.

Nitakuja. Boti na mimi hatujawahi kuelewana, nitakuja na ndoo yangu. Mpango wa viti nimeuona. Mimi niwekeni safu ya tatu, mbali na upepo wa mlango. Lile kopo la biskuti nimelitia vifungo, linakaa dirishani, na mteja akiliuliza namwambia ni zawadi ya shemeji yangu.

Kiti cha mbele kila mtu anakiona. Mwambie Archie aendelee na mazoezi ya kukaa.

Shangazi yenu,
Grizel